Ujira Usio na Jina

Ndugu zangu mnaoandika usiku, leo nasema nanyi.

Mwanafunzi wa New York akiambiwa mwisho wa kukabidhi insha ni saa 5:59 usiku, kwetu Nairobi huwa ni saa 12:59 asubuhi. Saa zao zikirudishwa nyuma mwezi Novemba, inakuwa saa 1:59. Hesabu hiyo mmeishika kichwani kuliko ratiba ya ibada. Roysambu, Kahawa Wendani, Ruiru, Juja: watoto wa jirani wanaamshwa kwenda shule, makanga wanaita abiria stejini, nanyi ndio kwanza mnabonyeza kitufe cha kutuma, macho mekundu, shingo imekakamaa. Kazi imekwenda. Haina jina lako. Itakabidhiwa na mtu usiyemwona, itasahihishwa na mtu asiyekujua, na alama atapewa mtu ambaye mkipishana kesho uwanja wa ndege hata salamu hatakupa.

Kuandika mtandaoni. Ndivyo tunavyoiita kazi hii Kenya, na mtu akikujibu hivyo humuulizi zaidi. Haandiki habari wala hatungi hadithi. Anamfanyia mwanafunzi wa Marekani, Uingereza au Australia kazi yake ya chuo, kwa malipo, kwa siri, ili mwenyewe aitie jina lake na hatimaye avae joho. Nami nimeshika kalamu kuwaambia bila kuzungukazunguka kwamba pesa hiyo mnayoihesabu kuwa ujira wa kuandika ni bei ya jina lako. Unalipwa ili usiwepo. Na mtu anayelipwa ili asiwepo, hata alipwe vizuri namna gani, kila mwezi unapokwisha amepungua.

Usiufunge ukurasa bado. Sikuja kukurushia jiwe. Najua kodi ya chumba inadaiwa kabla ya tarehe tano. Najua mkopo wa masomo wa HELB unavyokukumbuka hata ukibadilisha laini ya simu. Najua ulimaliza shahada ya botania, au ya ualimu, ukapeleka barua za maombi mpaka viatu vikaisha soli, ukarudishwa kila mahali kwa neno moja: uzoefu. Mwaka 2016 serikali yenyewe ilianzisha mpango wa Ajira Digital, ikawaambia vijana kazi ziko mtandaoni, nendeni. Mkaenda, na kazi mliyoikuta mlangoni ni hii. Kuna wadogo zenu waliovaa sare za shule kwa insha hizi. Kuna akina mama waliotoka hospitalini kwa insha hizi. Yeyote anayewaita wezi huku mshahara wake unaingia benki kila mwisho wa mwezi atueleze kwanza ni mlango gani mwingine aliowafungulia. Hayo nayasema kwa uzito wake wote. Lakini njaa hueleza kwa nini mtu ameingia mahali. Haielezi kwa nini akae humo miaka minane.

Itazame oda yenyewe. Inaingia ikiwa na namba, haina mtu. Kurasa nne, kila ukurasa maneno 275, mtindo wa APA toleo la 7, vyanzo vitano vya miaka ya karibuni, muda saa kumi na mbili. Mada: mpango wa kumhudumia mgonjwa wa kisukari mwenye umri wa miaka 68 katika jimbo la Ohio. Wewe uliyesomea mimea, ambaye mguu wako haujavuka mpaka wa Malaba, unaketi na kujifunza Medicare ni kitu gani, nani anailipia, na muuguzi wa Marekani hujaza vipi karatasi ya mgonjwa. Oda inayofuata ni ya Leeds, kwa hiyo unabadilisha tahajia: maneno yale yale uliyoyaandika Kimarekani saa chache zilizopita sasa unayaandika kwa namna ya Uingereza. Unakumbuka pia kupachika kosa dogo la sarufi hapa na pale, kwa kuwa mteja ameonya kwamba mwalimu wake anajua yeye si hodari hivyo. Hebu tua hapo kidogo. Saa nne usiku umevaa sauti ya mtu wa Ohio, saa nane umevaa ya mtu wa Leeds, na wote wawili wameaminika! Watunzi wa riwaya huhangaika nusu ya maisha yao kukipata kipaji hicho. Wewe unacho, na kazi uliyokipa ni ya kukuficha.

Sasa pesa. Tuseme mnunuzi amelipa dola 15 kwa ukurasa. Dola moja ikiwa karibu shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 1,900. Kampuni yenye tovuti ya oda inakata chake. Mwenye akaunti humo, aliyeinunua au anayeikodisha, naye anakata chake, kisha anamgawia kazi kijana mwingine. Kijana huyo akizidiwa anampa mwenzake wa chumba cha pili. Yule ambaye vidole vyake ndivyo vilivyobonyeza kila herufi anaambulia shilingi 300 au 350. Akichelewa, faini. Mteja akitaka marekebisho, anarudia bure. Akaunti ikifungwa, malipo ya mwezi mzima yanazama nayo, na hana wa kumshtaki. Ataingia mahakama gani akasema, mheshimiwa, nilimfanyia mtu kazi ya chuo akanidhulumu? Usiri ule unaomlinda mnunuzi ndio unaokuvua nguo wewe.

Mnaosoma Kurani mnaijua aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Surat al-Baqara. Aya ile inahusu madeni, na ndani yake mwandishi ametajwa kwa heshima kubwa: aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika, na kisha yakaja maagizo kwamba mwandishi asidhuriwe, wala shahidi. Wamewekwa pamoja wawili hao. Mwandishi ni shahidi: anajua nani kasema nini, na anasimama nyuma ya karatasi yake. Haya, niambieni, ni nani anayesimama nyuma ya karatasi mnazozituma alfajiri? Na ni nani aliyewahi kuuliza kama ninyi mmedhurika?

Mnaosoma Biblia, fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 16, mstari wa 22. Sura ile sehemu yake kubwa ni salamu, na wahubiri wengi huiruka ili waikamilishe ibada mapema. Katikati ya salamu za Paulo anajitokeza mtu mwingine kabisa, anaitwa Tertio. Anajitaja kwa jina, anakiri kwamba waraka huu ameuandika yeye, anawasalimu wasomaji, kisha anarudi kwenye kazi yake. Basi. Paulo alitamka, Tertio akaandika, wala hakuna aliyeona haya. Mstari mmoja tu, nao umekaa ndani ya kitabu kile karibu miaka elfu mbili. Au mtazameni Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia. Wakuu walipomhoji maneno yale aliyaandikaje, alijibu bila kigugumizi kwamba Yeremia ndiye aliyeyatoa kinywani na yeye ndiye aliyeyatia wino. Mfalme Yehoyakimu akalikata lile gombo kwa kisu na kulitia motoni kipande baada ya kipande. Baruku akakaa chini akaandika jingine. Jina lake lilikuwa pale, kwa hiyo na ujasiri wake ulikuwa pale.

Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba kumwandikia mwingine ni haramu. Makarani waliokaa nje ya posta wakiwaandikia watu barua za kwenda nyumbani walikula jasho lao, kwa sababu kila aliyehusika alijua nani ana maneno na nani ana kalamu. Marais wanaandikiwa hotuba. Wachezaji mpira wanaandikiwa vitabu. Ubaya unaanza pale kalamu inapokodishwa ili mtu wa tatu adanganyike. Mzee Isaka, katika Mwanzo sura ya 27, macho yamefifia, anaipapasa mikono iliyofunikwa ngozi ya mbuzi, anasikia sauti isiyolingana na mikono ile, anasita, halafu anabariki. Mhadhiri wa Leeds ndiye Isaka wetu. Mwanafunzi wake ndiye Yakobo, na baraka ameipata. Ninyi mko wapi katika habari ile? Mnataka kusema ninyi ni Rebeka, mliopika. La hasha. Ninyi ndio mbuzi. Mmechinjwa, nyama imeliwa, na ngozi yenu imevaliwa na mtu akapewe urithi.

Wala baraka ile haiishii kwenye karatasi. Mgonjwa wa kisukari wa miaka 68 yupo, tena si mmoja. Yuko kitandani Ohio, na atakayempa insulini yake leo usiku anaweza kuwa ndiye aliyepata cheti kwa ule mpango ulioandikwa na mtu wa botania pale Wendani. Yeye mgonjwa hajui. Wewe unajua, lakini hupo chumbani.

Huko kwa wateja wenu wameamka. Australia ilipitisha sheria mwaka 2020 yenye kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayefanya biashara hii. Kwa vyuo vya England, sheria ikaja mwaka 2022. Na isomeni vizuri: sheria hizo zinamkamata anayetoa huduma na anayeitangaza. Mwanafunzi aliyenunua ameachiwa chuo chake kimkemee. Hata katika kugawa hatia, mwenye joho ametolewa pembeni.

Mwaka 2024 ilitoka filamu inayoitwa The Shadow Scholars. Inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akiwatafuta waandishi wa aina yenu na kuwasikiliza. Wanazungumza vizuri, kwa akili, kwa uchungu. Sura zao zimefichwa kwa teknolojia. Mimi hapo ndipo nilipobanwa na hasira. Siku dunia imeketi gizani kuwatazama na kusema kweli hawa ni wasomi, hamkuweza kuonyesha uso mpokee sifa zenu!

Nije kwenye mashine, maana najua wengi mmekuwa mkiningoja hapo. Tarehe 30 Novemba 2022 ilitangazwa ChatGPT, na haikuchukua muda mrefu oda zikaanza kukauka. Waliokuwa wakichagua kazi wakawa wanaziomba. Bei ya ukurasa ikateremka. Mkalia kwamba mashine imewanyang'anya kazi. Mimi nawaambia mashine imefichua tu kilichokuwapo. Aliyekuwa akinunua insha hakukutaka wewe hata siku moja. Hakulijua jina lako, hakuipenda sauti yako, hakungoja maoni yako. Alitaka kurasa nne. Siku alipopata kurasa nne kwa bei ya bure, akukumbukie nini? Katika waandishi wote wa dunia hii, wa kwanza kumezwa ni yule ambaye hakuna aliyemtaka kwa jina.

Na uchungu juu ya uchungu: Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba vijana wa hapa hapa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ya kila aina na kuyawekea alama, ili mashine hiyo hiyo ifundishwe kuyatambua na kuyaepuka. Nao pia hawana majina. Sasa kazi imegeuka tena. Turnitin, ile programu ya kukagua insha, iliongeza kigunduzi cha maandishi ya mashine Aprili 2023. Basi mteja anaiandikisha mashine, kisha anakutumia wewe uyatie ubinadamu. Unachangua sentensi ndefu, unaondoa maneno yanayong'aa mno, unaweka kusitasita kidogo. Mtu mzima, mwenye shahada, kazi yake ni kuacha alama za vidole vya binadamu kwenye kazi ambayo binadamu hakuifanya, kwa niaba ya binadamu ambaye hata kuisoma hatajisumbua. Ndugu zangu, hapo bado mnajiita waandishi?

Nawasihi, badilisheni swali. Mmezoea kuuliza ukurasa ni shilingi ngapi. Ulizeni hivi: nikilala na malaria wiki mbili, kutabaki nini? Mwenye duka akiugua, duka lipo. Mkulima akiugua, mahindi yanaendelea kukomaa. Ninyi mkiugua hakuna hata mtu atakayeuliza mko wapi, kwa sababu oda ikikukosa inakwenda kwa jirani kwa sekunde. Umeandika maelfu ya kurasa, na mtu mwenye kazi nzuri akikuita leo, akakuomba umwonyeshe ukurasa mmoja uliouandika, huna. Huwezi kuuweka kwenye wasifu wako wa kazi. Huwezi kuuza mara ya pili. Huwezi kumsomea mwanao. Pesa ya uandishi, ile ninayoihubiri, ina vitu vitatu nyuma yake: jina linaloweza kutafutwa, msomaji anayekusubiri, na maandishi yanayobaki kuwa mali yako hata baada ya kulipwa. Ikija pesa bila vitu hivyo, ile kama kodi inadaiwa. Lakini usiiite riziki ya uandishi.

Mtasema ni ndoto. Mtasema Mwafrika hasomi, akisoma halipi. Uongo huo umezeeka. Hapa Nairobi, miaka ya sabini, David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akachapisha vijitabu vidogo vya kuingia mfukoni: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Wasomi walimbeza. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake. Watu wakavinunua kama njugu, wakavisoma kwenye basi na kwenye baa, makarani na matarishi ambao kila mtu alisema hawasomi. Ng'ambo ya mpaka, Elvis Musiba alimtoa mpelelezi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na vijana wa Dar es Salaam wakaazimana kitabu mpaka jalada likaanguka. Ben Mtobwa aliandika, kisha akaanzisha Heko kuchapisha. Eric Shigongo alizisambaza hadithi zake kwa mfululizo magazetini, sehemu kwa sehemu, kila wiki ikiishia pale pale moyo unapodunda, na watu walinunua gazeti kwa ajili ya hadithi, habari wakazisoma baadaye. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyengoja mteja wa Ohio. Wote walikuwa na jina kwenye jalada.

Nao hawakuwa na M-Pesa! Maillu alihitaji mtambo wa kuchapia, karatasi, gari la kusambaza, na muuza vitabu mwaminifu; huyo wa mwisho tangu zamani ni adimu. Tangu Machi 2007 msomaji wa Kenya anaweza kukulipa akiwa kitandani. Leo hii kuna watunzi wa Kiswahili, wengi wao Watanzania, wanaofanya hivyo kila siku: sehemu kumi za kwanza za riwaya wanaziweka bure Facebook, kuanzia ya kumi na moja unatuma pesa kwa simu, unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unasoma. Fanyeni hesabu. Wasomaji 300 wakilipa shilingi 50 kila mmoja, hizo ni shilingi 15,000, sawa na kurasa 50 za Ohio na Leeds kwa bei ya 300. Watu 300 ni waumini wa kanisa moja la mtaani. Riwaya ile ile mwakani utawauzia wengine 300 bila kuandika neno jipya. Tena pesa ikiingia, ujumbe wa simu unakuja na jina la aliyetuma. Utawajua wasomaji wako kwa majina, nao watakuuliza, vipi, yule mama wa kambo mbona umemwachia hivi hivi? Jambo hilo mteja wenu wa usiku hajawahi kuwafanyia.

Wala simhubirii mtunga hadithi peke yake; wengi wenu hamna hadithi, na si lazima mwe nazo. Mna ujuzi wa kuketi na jambo msilolijua na kuamka alfajiri mkiwa mmelieleza vizuri. Nchi hii ina kiu ya ujuzi huo. Nitawaonyesha mahali pamoja tu. Nendeni kwenye mazishi, mchukue ile programu ya rangi inayogawiwa getini, msome wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi fulani. Alifunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne. Aliugua kwa muda mfupi. Ni huo huo kwa kila maiti, unabadilishwa jina na picha. Familia imelipa mchapaji, imelipa wa hema, imelipa wa spika, wa gari, wa maua na wa chakula, na maneno ya mwisho juu ya baba yao wamemwachia binamu ayaandike usiku wa manane kwenye simu. Sasa fikirini mmoja wenu, mwenye kipaji kile cha kuvaa sauti za watu, akiketi saa moja na mjane. Amuulize mzee alikuwa akiamkaje. Aambiwe kwamba alitengeneza baiskeli Kibuye, Kisumu, miaka thelathini, kwamba hakumdai pesa mwanafunzi yeyote aliyepata pancha asubuhi kabla ya kengele, kwamba redio yake ilikuwa marufuku kuguswa. Ayaandike hayo kwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kidholuo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, aweke jina lake na namba yake. Kabla matanga hayajaisha watu watatu watakuwa wamempigia. Nani atamwambia mjane yule kwamba mashine ingefanya? Mashine haikuwahi kukaa Kibuye, na haikuketi naye.

Kutoka hapo utaona kazi zilivyo nyingi: katiba za vyama, maombi ya fedha ya vikundi vya vijana, maelezo ya dawa za mifugo yanayoeleweka na mfugaji, historia za shule zinazotimiza miaka hamsini. Zinalipa kidogo mwanzoni. Sitawadanganya. Wala simwambii mtu mwenye mtoto mchanga aifunge akaunti leo jioni na kesho alale njaa kwa jina la heshima. Hayo yatakuwa mahubiri ya mtu aliyeshiba. Nasema hivi: oda moja kwa wiki, ile ya usiku wa Jumapili, ikatae. Saa zile kumi na mbili zitumie kuandika kitu chenye jina lako, kiwe kizuri kuliko vyote ulivyomwandikia mgeni. Wiki ijayo tena. Usiku ulioutoa kwa mtu wa Leeds miaka yote hii hukuuona kuwa mzito. Iweje ujinyime mmoja wewe mwenyewe?

Wakubwa nao wasikie, ingawa nitasema nao kwa ufupi kwa kuwa huwa hawakai sana. Tanzania mwaka 2018 iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa alipe leseni ya shilingi milioni moja za Tanzania kwa mwaka; Juni ya mwaka huo jukwaa la mtandaoni la JamiiForums likalazimika kuzima mitambo yake kwa muda. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ikaweka kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye mapato ya maudhui ya kidijitali, baada ya kwanza kutaka asilimia 15. Anayeandika kwa jina lake amepigwa leseni kule na kodi hapa tangu siku ya kwanza. Anayeandika gizani haonekani. Halafu mnashangaa vijana wamependa giza.

Nimebakiza ninyi wasomaji, mliokuwa mkiitikia amina kila nilipowagusa waandishi. Msifurahi. Mwandishi wetu ameacha kuandika kwa siri, amekaa miezi sita na riwaya, ameweka namba yake ya M-Pesa chini ya sehemu ya kumi. Wewe unafanya nini? Unangoja mwenzako alipe, akutumie faili zima kwenye kundi la WhatsApp. Unasoma hadi saa nane usiku, unacheka, unalia, asubuhi unalirusha faili lile kwenye kundi la kanisa, la chama na la waliosoma pamoja darasa la nane, na chini yake unaandika, huyu mtunzi ni moto. Mwandishi analiona faili lake likirudi kwake kutoka kwa watu 200 asiowajua, katika simu ambamo haikuingia hata shilingi. Jumatatu anarudi kwa Ohio. Kisha unakuja kulalamika kwamba hadithi imekatika njiani, na kwamba vijana wa siku hizi hawaandiki Kiswahili.

Una deni. Unazo riwaya ngapi humo kwenye simu ambazo hukuzilipia? Namba za wenyewe ziko pale pale, ukurasa wa mwisho. Anza na ile iliyokukeshesha. Tuma pesa yake leo, umwandikie na ujumbe kwamba umesoma mpaka mwisho na ni sehemu ipi iliyokutoa machozi, utie na jina lako. Halafu mwenzako wa kundi akikuomba umrushie faili, mpe namba ya mtunzi na umwambie ni shilingi hamsini.